Funda Moja la Kobe

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na siri.

— Tupe tuifiche!

Kwanza apeni. Wewe uliyejifunika kanga, toa mkono nje niuone. Semeni, hatumwambii mtu. Haya. Mimi nami niliapa hivyo hivyo mbele ya Kobe mwenyewe, yule anayekaa nyuma ya jiko langu. Aliniambia, "Bibi, haya yafe na wewe." Lakini nimezeeka, wajukuu zangu. Nikifa nayo, nyinyi mtasengenya nini? Basi sikilizeni.

Hapo kale wanyama wote waliishi sawasawa. Miaka ilikuwa maji, na maji yalikaa katika mtungi mmoja. Mtoto akizaliwa, siku ya arobaini hutolewa nje, ngoma ikapigwa, naye akanyweshwa kata moja. Kata moja kwa tembo, kata moja kwa chawa. Hakuna aliyeonewa.

Mtungi alikabidhiwa nani? Kobe. Walisema, huyu hana pa kukimbilia, nyumba yake anayo mgongoni.

Rafiki yake alikuwa Bi Kipepeo. Kila asubuhi alitua juu ya gamba na kumpa habari za ng'ambo ya mto: nani kaposwa, nani kanuniwa.

"Dada, usichoke kuja."

"Nichoke na umbea, kaka Kobe? Nitakuja mpaka tuzeeke."

Mpaka tuzeeke! Neno hilo likamwingia Kobe kama mwiba. Kumbe asubuhi hizi zitakwisha?

Ikafika arobaini ya mtoto wa Tembo. Kobe akaenda uani kuchota. Akachungulia huku, akachungulia kule. "Funda moja tu. Nani atajua?" Akanywa.

Ikafika ya mtoto wa Nyumbu. "Funda moja tu. Nani atajua?" Akanywa.

Ikafika ya mtoto wa Fisi. Funda moja tu. Mnacheka? Hata nyinyi sukari yangu mnaionja hivyo hivyo.

Watoto wakazaliwa, wakazaliwa, na Kobe akaonja, akaonja. Mwisho akajifungua Bi Kipepeo. Siku ya arobaini wakaja wote.

"Kaka Kobe, sina mwingine ila huyu. Mjazie kata, tafadhali."

"Mpaka imwagike, dada."

Kobe akaenda uani. Akachungulia mtungini. Lo! Maji yamebaki chini kabisa, kata yenyewe haijai. Hapo angelia, wanangu. Hapo angetoka akasema. Lakini kinywa kilishazoea. "Funda moja tu..." Akanyoosha shingo, yote ikazama mtungini.

Huko nje Fisi, kwa uchu wa pilau, akapiga ngoma kabla ya wakati. DUM! Kobe akashtuka. Na Kobe akishtuka hufanya nini?

— Hurudisha kichwa!

Akakirudisha, na mtungi nao ukaja. Shingo ya mtungi ikaingia gambani, ikakwama. Haoni mbele, haoni nyuma. Akapepesuka kutoka uani mpaka katikati ya wageni, mtungi usoni, maji yakimchuruzika.

Ngoma ikanyamaza.

"Kaka Kobe," akasema Bi Kipepeo, "maji ya mwanangu yako wapi?"

Sauti ikavuma mtungini: "Funda moja tu, dada."

Tembo akavuta. Mtungi ukapasuka, maji yakanywewa na mchanga. Tone moja likabaki kwenye kigae. Bi Kipepeo akamwonjesha mwanawe. Tone la siku chache.

"Dada," Kobe akaanza, "mimi nilitaka tu... asubuhi zetu..."

"Sema upesi, kaka. Mwanangu hana muda wa kukungoja."

Kobe akafungua kinywa mbele ya wote, kidevu bado kibichi kwa maji. Neno halikuja. Mpaka leo analitafuta, taratibu, nyuma ya jiko langu. Na muda wa kulitafuta anao.

Ngano yangu nimeitua. Aliyeisikia aibebe, na akikutana na Kobe, asiseme ni mimi.