Mkia Juu ya Nyasi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Nikaruka kusimama, maana hadithi hainogi msimuliaji akiwa ameketi. Goti likalia kwa! Nikarudi chini, puu, juu ya sahani ya vitumbua.

"Mjomba," akasema Zawena, mtoto wa dada yangu, "umekalia kitumbua changu."

"Ni jeraha la safari, mwanangu. Mjomba wako amevuka milima kwa miguu, amelala..."

"Si ulianguka Jumapili, kwenye mbio za wazazi pale shuleni? Hata kona hukuifikia."

Wakacheka wote, hadi mama mkwe. Haya, chekeni mmalize, kisha msikilize habari za mwenzangu.

Hapo zamani za kale, magoti yote yalipokuwa mapya, paliondokea Ngiri na mkewe, Bi Chonge, na watoto wanne. Nyumba hawana. Wanalala nje, na Simba anapita pita. Watoto wanatetemeka, tete tete tete.

Basi Muhanga, yule mchimbaji, akahama, akaacha shimo zuri. Wakalitaka wawili: Ngiri na Bweha. Muhanga akasema, "Msinipigie kelele. Siku ya kumi, mmoja wa kila nyumba atakimbia, kutoka shimoni hadi mtoni na kurudi. Atakayetangulia, shimo ni la nyumba yake."

"Shimo letu hilo!" akasema Ngiri. Akatoka mbio pale pale. Hajanyoosha mguu, hajanywa maji, hajala tangu jana. Tifu tifu tifu, kwa! Goti likavimba kama papai.

Akaitwa Shashi, yule ndege mdogo anayekaa mgongoni mwa Nyati akidonoa kupe. Alikuwa bingwa wa kukanda viungo. Akaligonga goti kwa mdomo, ko ko ko.

"Siku saba usikimbie," akasema. "Likande kwa maji baridi. Lala mapema, kula vizuri. Siku ya nane utatembea. Siku ya tisa mchakamchaka, taratibu. Siku ya kumi utashindana."

"Nimesikia, Fundi," akasema Ngiri.

"Na mimi nimesikia," akasema Bi Chonge.

Siku ya kwanza Ngiri akalala. Siku ya pili akalala. Siku ya tatu goti likanyamaza.

"Limepona!" akasema. "Shashi mwenyewe miguu yake kama vijiti, atajua nini habari za magoti?"

Akajipenyeza kwenye nyasi ndefu asionekane. Tifu tifu tifu! Kumbe ngiri akikimbia mkia husimama wima kama mlingoti. Mwili ndani ya nyasi, mkia juu ya nyasi, unakwenda, unarudi.

Shashi akaona kutoka mgongoni mwa Nyati. "We Ngiri! Mkia wako unakwenda wapi bila wewe?"

Ngiri akaanguka magoti, pu! Akajaza nyasi mdomoni. "Nakula tu, Fundi!"

"Umepiga magoti?"

"Ndiyo adabu ya mezani kwetu!"

Siku ya nne, tifu tifu tifu. "We Ngiri!" Pu! "Nakula tu, Fundi!" Siku ya tano, tifu tifu tifu. "We Ngiri!" Pu! "Nakula tu!" Na kila akianguka, anaangukia goti lile lile bovu.

Bweha naye alikuwa amejilaza kichuguuni akitazama ule mkia. Akacheka siku ya nne, akacheka siku ya tano, akacheka hadi siku ya tisa. Mazoezi ya nini, na mpinzani ndiye huyu?

Bi Chonge hakucheka. Alfajiri anajinyoosha, anakwenda mtoni mchakamchaka, anakunywa maji, anarudi, anakula, jua likizama analala. Ngiri akimuuliza, anajibu, "Maagizo yalitolewa, Baba Watoto. Lazima mmoja humu nyumbani ayafuate."

Siku ya kumi ikafika. Goti la Ngiri si papai tena, ni tikiti. Akajikokota hadi mstarini, akaanguka magoti.

"Mzee Ngiri," akasema Bweha, "mbona unaniomba radhi hata hatujaanza?"

Watoto wanne wakaanza kulia. Ngiri akainamisha kichwa. Safari hii hakusema anakula.

Bi Chonge akasogea mstarini. "Muhanga, ulisema mmoja wa kila nyumba. Hukusema baba."

"Sikusema baba," akasema Muhanga. "Haya, nendeni!"

Bweha akafyatuka, fyuu! Akafika mtoni wa kwanza. Kurudi, ulimi nje, mbavu zinambana, hehe, hehe. Mara wakaona mkia juu ya nyasi, unakuja. Tifu tifu tifu, taratibu, haukatiki. Ukamfikia Bweha, ukampita, ukaingia shimoni. Watoto wakaingia nyuma yake, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne.

"Mmeona?" akapaza sauti Ngiri. "Mazoezi ya nyumba hii! Kesho nami naanza, goti halijauma tangu asubuhi!"

Bi Chonge akatoa kichwa shimoni. "Piga magoti ule."

Ndiyo maana hadi leo ngiri hula akiwa amepiga magoti, jicho moja juu, akimwangalia Shashi.

Funzo lake ni hili: aliyeumia apumzike mpaka apone, si mpaka maumivu yanyamaze tu. Hadithi yangu imeishia hapo, nayo imeketi, imenyoosha mguu.

"Ila Zawena," nikasema, "Jumapili kuna mbio tena, na goti limetulia kabisa. Waonaje?"

Akanisogezea sahani.

"Piga magoti ule, Mjomba."