Onyo la Mheshimiwa Kinyogoli

Mbele ya tume walikaa Mheshimiwa Rajabu Kinyogoli, mbunge. Inspekta Longino Haule, mkuu wa kituo cha polisi. Na Bi Tausi Mwinyikondo, aliyeuza chai kituoni.

"Wiki moja kabla ya fujo za Juni nilikwenda kituoni kutoa onyo," alisema Kinyogoli. "Haule akalipuuza. Afukuzwe kazi."

"Hakufika," alisema Haule.

"Alifika, baba," alisema Bi Tausi. "Nilimpa chai, akalalamika tangawizi imezidi."

Haule alimkodolea macho.

"Ilizidi mno, mama," alisema Kinyogoli.

"Na onyo ukampa Sajini Hamisi Ndaro, yule mwenye kipara."

"Huyohuyo. Aliliandika nikimwona."

"Hakuwa mgonjwa?"

"Alikuwa buheri wa afya. Alinipigia hata saluti."

Sajini Hamisi Ndaro alifariki tarehe tatu Machi, mwaka huohuo.