Mtamba wa Nadhiri ya Nakunda

Sogeeni karibu, na mwenye karanga atafune polepole, maana nikimaliza ni nyinyi mtakaojibu, si mimi.

Walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mzee Kiangi wa milima ya Upare, mkata vimeo, vile vinyama vinavyoning'inia kooni, alijua kuacha. Bwana Lutengano, katibu wa chama cha wataalamu wa tiba ya usemi, alijua kuunganisha watu. Na Hidaya, mwanachama mpya kabisa wa chama hicho, alijua kungoja. Mkiona hivyo si vipaji, subirini kwanza.

Nakunda alikuwa na binti mmoja, Nietiwe. Mtoto alikimbia, alicheka, akiitwa aligeuka, lakini alikaribia miaka minne na hajasema hata "mama". Nakunda alikonda kwa mawazo. Siku moja, akikamua, akaweka nadhiri mbele ya mama mkwe wake: "Atakayemfanya mwanangu aniite mama, nitampa mtamba wangu." Mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, alikuwa mmoja tu.

"Nadhiri ya nini?" mama mkwe akasema. "Mtoto ana kimeo kirefu, kinamzibia maneno. Mumeo mwenyewe alikatwa, na leo hanyamazi!"

Ndivyo walivyozoea huko: mtoto akikohoa, kimeo, akikawia kusema, kimeo. Nakunda aliogopa, lakini mkwe habishiwi mara mbili. Wakaenda kwa Mzee Kiangi, Nietiwe mgongoni.

Mzee Kiangi alichemsha wembe, akamfunua mtoto kinywa, akatazama. Nakunda alimshika binti yake miguu huku amefumba macho. Akasikia wembe ukirudishwa kwenye bati.

"Kimeo hiki kizima, mwanangu," mzee alisema. "Na vingi nilivyokata vilikuwa vizima. Yule katibu wa chama alifika hapa, akanywa chai yangu, hakunigombeza. Aliniomba tu, akiletwa mtoto asiyesema, nimpigie yeye kwanza. Kesho watasema nimezeeka, mkono unatetemeka. Waseme."

Nakunda alimwachia binti yake miguu, akamrudisha mgongoni. Wembe ungepita, Nietiwe asingefunua tena kinywa mbele ya mgeni, na hadithi yangu ingeishia hapo.

Bwana Lutengano akapokea simu ya mzee. Wataalamu wa kazi hiyo ni wachache, na mlimani hakuwako hata mmoja. Angeweza kusema "mleteni mjini" akaendelea na chakula chake. Badala yake aliwaita wanachama, akawabana.

"Chama cha kupigiana makofi mikutanoni ni cha nini?" aliuliza. "Kazi yetu ni mtoto apate mtu aliyesomea, popote alipo."

Wakakubaliana Hidaya apande mlimani kila wiki, na wazoefu wasimwache peke yake: kila akishuka, amsimulie mmoja wao alichoona, aelekezwe. Bila katibu, Hidaya asingejua hata kama Nietiwe yupo duniani.

Hidaya alianza kwa kutaka masikio ya mtoto yapimwe, yakakutwa mazima. Kisha akakaa sakafuni, akacheza naye, akatazama nyumba. Nietiwe akitupia jicho kikombe, Nakunda anampa maziwa. Akinyoosha kidole, bibi anakimbilia ndizi. Nyumba ile ilijivunia kwamba mtoto wao haombi kitu.

"Mama Nietiwe," Hidaya alisema, "si nyinyi mliomchelewesha. Ila mnampenda mpaka mnamsemea. Shika kikombe, taja maziwa, umtazame, ungoje."

"Nimnyime mwanangu maziwa?"

"Humnyimi, dada. Asipojaribu, mpe. Kesho ngoja tena."

Wakangoja. Miezi ikapita, Nietiwe kimya. Hidaya mwenyewe alishuka mlima akitaka kuacha kazi, na wazoefu wa chama wakamtia moyo kwa simu. Akapanda tena, akakaa palepale sakafuni. Nakunda mikono ilimwasha kwa kumhurumia mwanawe.

Asubuhi moja kikombe kilikuwa hewani, Nakunda anatazama, Hidaya anatazama, bibi amejiziba mdomo kwa kanga asije akamsemea. Nietiwe akakunja uso kama mtu aliyechoshwa na wakubwa.

"Mama!"

Maziwa yakamwagika yote. Nakunda alicheka huku analia, akamkumbatia mtoto, akamkumbatia Hidaya. Uzito aliolala nao miaka yote hiyo ulimtoka. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza anaolewa nani.

Ahadi ni deni. Wale watatu wakaalikwa, mtamba akatolewa zizini.

"Apewe Mzee Kiangi," mama mkwe akasema. "Aliacha wembe, akaacha na riziki yake."

"Apewe Hidaya," majirani wakasema. "Ndiye aliyekaa sakafuni."

"Bila chama ningekata tamaa," Hidaya akasema. "Apewe katibu."

Bwana Lutengano akacheka. "Ng'ombe wa chama atachungwa na nani? Na mimi bila simu ya mzee ningejua nini?"

Nakunda aliwatazama wote watatu akaona kila mmoja angestahili mtamba mzima. Hapo akasikia kamba ikivutwa. Nietiwe alikuwa ameishika kwa mikono miwili, amemwegemea mtamba.

"Wangu!" akasema. Lilikuwa neno lake la pili.

Basi, mliokula karanga, nadhiri ni nadhiri na mtamba hagawanyiki akaendelea kuwa mtamba. Msiniambie apewe Nakunda kwa kuwa ndiye aliyeshika kikombe. Ni wake tayari. Mzee aliyeacha, katibu aliyeunganisha, au Hidaya aliyengoja: je, wewe ungeamua vipi? Na ukishaamua, ni wewe utakayekwenda kumwambia Nietiwe aachie kamba.