Jina Moja la Kwenda Japani

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni mwaka jana, palikuwa na wanafunzi watatu waliosomea mtihani wa Kijapani, ule wa daraja la kati. Nyuma ya mtihani kulikuwa na nafasi moja tu ya kusoma Japani mwaka mzima.

Wakafanya tunavyofanya kila kazi ya kikundi hapa chuoni: wakagawana. Tumsifu akachukua maneno na kanji, yale maandishi yao ya michoro. Ndeshi akachukua kusoma. Machumu, aliyewahi kufanya kazi na wahandisi wa Kijapani kwenye ujenzi wa daraja la mto, akachukua kusikiliza. Wakaapa kufundishana kila Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza, Ndeshi akafundisha. Tumsifu akatuma faili kwenye grupu: "Yote yamo humo, wapendwa." Machumu akatuma udhuru. Jumamosi ya pili, Ndeshi akafundisha, Tumsifu akatuma faili, Machumu akatuma udhuru. Hadi ya kumi, yaleyale! Shangazi mmoja wa Machumu alizikwa mara mbili.

Mtihani ule una masharti mawili: jumla itoshe, na kila sehemu ifikie kiwango chake. Ndeshi akapata jumla kubwa kuliko wenzake, akaanguka kwa alama moja kwenye kusikiliza. Machumu akazoa zote za kusikiliza, kanji zikamwangusha. Tumsifu? Kusoma alifundishwa na Ndeshi. Kusikiliza hakuelewa kitu, akachagua jibu la tatu kila swali, bahati ikamfikisha kwenye kiwango. Akafaulu, tena kwa chupuchupu.

Barua ikaja kutoka Japani kwa mwalimu wao: "Tuleteeni mmoja, hata asiye na cheti. Chagueni wenyewe."

"Mwalimu, cheti ninacho," akasema Tumsifu. "Mtihani hauulizi mtu amejuaje."

"Umejuaje, kaka? Si nimekujuza mimi!" Ndeshi akaruka. "Nimewabeba Jumamosi kumi, nimeangushwa na sehemu ya huyu mtoro! Na mwaka huu ndio wangu wa mwisho."

"Dada, simu si unayo?" Machumu akacheka. "Ungesikiliza redio zao. Mwalimu, nipeleke mimi, nitaongea nao tangu uwanja wa ndege. Hawa wawili watabaki kuinamisha vichwa tu."

Mwalimu akashika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Fomu ya jina moja, iliyokuja na barua, ilikuwa inafungwa saa kumi jioni.

Haya, nyie mliozoea kusaini kazi ambazo hamkuzifanya, semeni: je, ni nani aliyestahili kuandikwa pale?