Kipanga, Konokono na Ufagio wa Zimwi

Sogeeni, nipeni masikio. Zamani zimwi liliiba chemchemi ya kijiji, likaificha msituni. Kila jioni lilifagia njia kwa ufagio wa uchawi, na nyayo zote zikafutika.

Kipanga akaruka, akarudi mdomo umelowa. "Nimeyaona maji."

"Tupeleke basi," akasema Bi Kidawa, mwanamke wa kijiji kile, aliyebaki akilamba umande kwa kiu.

"Nifuateni."

Wanakijiji wakamfuata wakitazama juu, wakajikwaa, wakapotea. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu Bi Kidawa akarudi na mtungi umevunjika.

Konokono akasema, "Ngojeni niende mimi."

Watu wakacheka. Akaenda siku tatu, tumbo chini. Zimwi likafagia, likafagia tena, lakini ute wa konokono uling'ang'ania ardhi. Asubuhi ya nne jua lilipotoka, njia ilimeremeta kutoka mlangoni kwa Bi Kidawa hadi kwenye chemchemi. Wakaifuata, wakanywa, wakaoga. Zimwi likatupa ufagio, likahama.

Kipanga yupo bado, anazunguka juu akilia kwamba ameona. Lakini mwanamke wa kijiji kile akikutana na konokono njiani, hutua mtungi akamngoja apite, hata ikichukua asubuhi nzima.