Kuku wa Jirani na Saumu ya Raihana

Inasimuliwa kwamba wa kwanza kumweleza Raihana jambo lile alikuwa jirani yake, Bi Hubaba, mfinyanzi wa mitungi katika mji mmoja wa Yemen ya kale. Aliegemea ukuta uliotenganisha nyua zao, akacheka kidogo, akasema, "Kuku wangu wamenenepa, mwenzangu. Anayewalisha ni baba yako. Kila adhuhuri mkate wake unapita dirishani."

Raihana, Allah amrehemu, alikuwa mjane mcha Mungu, wala hakuwa na mtu ila baba yake, Mzee Umair. Siku alizofunga zilikuwa nyingi kuliko alizokula. Haikuwa Ramadhani wala nadhiri, ni sunna tu aliyoipenda. Akifunga, moyo wake huwa mwepesi kama wa bi harusi, na dua humtoka bila kuitafuta. Kabla ya kwenda kusokota sufu yake, humwandalia mzee chakula na kukifunika. Akirudi hukuta sahani tupu, akamshukuru Mola.

Sasa hakujua aamini nini. Pengine jirani anamwonea choyo. Pengine ni Shetani, anayetaka kumtoa katika ibada kwa mlango wa huruma. Akamwendea mzee, akamuuliza. Mzee Umair aliinamisha kichwa kama mtoto aliyefumaniwa, akakiri. Alisema hawezi kula mchana ilhali binti yake amefunga. Mkono wake huona haya kwenda kinywani. Magharibi walikula pamoja, lakini tumbo la uzee lilikataa baada ya matonge mawili matatu.

"Basi nitaacha kufunga, baba."

"Usithubutu," akasema mzee. "Nitasimama na uso gani mbele ya Mola wangu, mimi niliyemtoa mwanangu kwenye saumu? Hiyo ndiyo fahari yangu iliyobaki."

Raihana akazidi kuchanganyikiwa. Akifunga, baba anakonda. Akiacha, anavunja neno la baba. Alijaribu kumwachia chakula na kwenda kukaa mbali, kuku ndio wakakila. Alitaka kumwambia kwamba leo hakufunga, ulimi ukakataa kusema uongo. Na chini ya hayo yote lilikuwapo swali aliloliogopa zaidi: ule wepesi wa moyo ukiondolewa, je, angefunga bado? Alipomweleza Bi Hubaba, yule mama alisema yeye hana elimu ya kumfundisha mtu dini, ila hajapata kusikia kuku wakiandikiwa thawabu.

Siku moja walikuwa wakisali adhuhuri, mzee mbele, yeye nyuma. Mzee akasujudu, akakawia. Raihana naye akabaki paji la uso chini, akimwonea wivu baba yake kwa unyenyekevu ule. Alijisemea moyoni, laiti ningeonja utamu anaouonja. Mara akasikia kucha zikikwaruza mkeka. Mzee alikuwa akitafuta pa kushika. Hakuwa amezama katika dua; alikosa nguvu za kunyanyuka.

Raihana alikata sala, akamwinua kwa makwapa, na uzito aliotegemea kuukuta haukuwapo. Alikuwa kama ameinua nguo.

"Nisamehe, mwanangu," mzee akasema akitweta. "Nimekuharibia sala."

Raihana akamketisha juu ya mkeka.

Waja wema wa zamani walizihofia dhambi zao, na walizihofia pia kheri zao, zisije zikawa ni matamanio yaliyovaa joho la ibada. Kuyatenganisha mawili hayo si kazi nyepesi, na Raihana mwenyewe hakupata yakini. Swali lake alilala nalo, akaamka nalo.

Asubuhi yake, baada ya sala ya alfajiri, alipika uji wa shayiri, akautia katika bakuli moja, akaketi mbele ya baba yake. Mzee alimkumbusha kwamba leo ni Alhamisi, siku ya saumu ya sunna. Raihana akasema bismillahi, akanywa funda la kwanza akimtazama machoni. Uji haukuwa na ladha kinywani mwake, moyo ulikuwa mzito, na hakuna dua iliyomjia. Akampa mzee bakuli mkononi, akalishikilia kwa chini lisimponyoke, akangoja mpaka aliposikia anameza.