Simu Iliyomsomea Leokadia

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja mshonaji, jina lake Leokadia, ambaye macho yake yalianza kufifia angali na nguvu za kazi. Kitambaa alikijua kwa vidole, lakini maandishi ya simu yaligeuka ukungu mtupu. Kila mteja alipomtumia hela, ilimbidi ampe jirani simu amsomee, tena amtajie na namba ya siri. Nani kati yetu angepata usingizi?

Mumewe, Respisius, alikuwa fundi simu, mchana kutwa yuko kibandani kwake. Simu ya mkewe ilikuwa ya zamani, haikubali kuwekewa sauti ya kusoma Kiswahili. Basi akaiingilia hadi ndani kabisa, akaondoa vizuizi vya kiwandani, kuiruti kama wasemavyo vijana, akaiweka ile sauti. Siku Leokadia aliposomewa salio lake, akiwa peke yake chumbani, machozi yalimtoka.

"Sasa siri yangu ni yangu," akamwambia mumewe.

Asubuhi moja programu ya benki ikagoma. Sauti ikamsomea: "Simu hii imebadilishwa. Huduma imesitishwa kwa usalama wako."

Respisius akainamisha kichwa. "Nimekuharibia, mke wangu."

"Wewe umenipa macho. Nishike mkono, twende."

Kule benki, kijana wa huduma kwa wateja aliwasikiliza nusunusu. "Mama, simu ikishafunguliwa hivi, mwizi anaweza kujificha humo akaona kila unachobonyeza. Tumefunga ili usiibiwe. Tafuta mtu unayemwamini, awe anakusaidia."

"Na namba ya siri nimpe?"

Sharti la kumkinga Leokadia na mwizi asiyemjua lilikuwa linaitoa siri yake mikononi mwake, linamrudisha kwa jirani.

Kijana akainuka. Akazunguka kaunta, akaketi kwenye benchi kando ya Leokadia, akaichukua ile simu na kufumba macho. "Nifundishe unavyofanya, mama." Vidole vyake vikapotea kwenye kioo kama mtoto aliyeachwa sokoni. Alipofumbua macho, sauti ilikuwa imembadilika. "Nisamehe, mama. Sikujua."

Sharti hakulilegeza, hakuwa na uwezo huo. Na wezi wapo kweli. Lakini alipotoka kazini alimfuata Respisius, wakazunguka duka hadi duka wakijaribu simu, mpaka wakapata moja yenye sauti ya kusoma Kiswahili tayari, isiyohitaji kufunguliwa. Respisius akaipata kwa kubadilishana na simu mbili alizokuwa akiuza kibandani. Jioni ile Leokadia akasomewa salio lake tena, mlango wa chumba umefungwa, mumewe akimngoja nje kwa heshima.

Sasa niwaulize: benki ilikosea kufunga? Mimi siwezi kusema hivyo. Nyumba yenye mali ya watu hufungwa.

Lakini sisi je? Yule binti tuliyemwondoa kwenye kwaya alipopata mimba. Tulisema ni kwa usalama wa kanisa, na pengine tulikuwa na sababu. Nani alimfuata? Nani aliketi kando yake, akamuuliza unaishije? Tulifunga, tukaimba wimbo uliofuata.

Anakaa nyuma ya kisima, wote mnapajua. Amejifungua. Ibada ikiisha leo, tusiende nyumbani kwanza.